Saa Thelathini na Moja na Robo

14 Loom Terrace,
Ravensclough, Lancashire
Jumapili, 7 Februari 2016

Mwanangu Leanne,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa majirani wote wanaokukumbuka. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuacha. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanung'unika kwenye ngazi, mengine yanakwenda.

Sasa nikae nikuambie, ingawa kukaa ndiko kunakonishinda siku hizi. Barua hii nimeianza mara nne tangu Ijumaa. Kila nikifika hapa nainuka, naizunguka meza, nafungua mlango wa nyuma, naufunga tena.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Septemba. Ndara za nyumbani zinatoka ng'ambo sasa, hata zile zenye jina letu kwenye soli. Tulikuwa tumebaki watu kumi na tisa. Sikukuambia, kwa sababu nilijua ninakoelekea: kuomba posho ya wasio na kazi, na posho hiyo inaombwa mbele ya meza kama unayokaa wewe kila siku huko Marlbury. Nikaona haya. Baba wa mshauri wa kazi, anasubiri kuitwa jina kama mtoto kwa daktari wa meno.

La pili. Krismasi nilikuambia siwezi kusafiri kuja kwako. Hiyo ilikuwa kweli. Ni wewe uliyeuliza, “Mafua?” nami nikanyamaza. Sikuwa na mafua. Nilikuwa nimekatwa posho kwa wiki nne.

Kisa chenyewe, cha wakati ule na cha sasa, ni hiki. Mkataba niliotia saini unasema nitatafuta kazi saa thelathini na tano kwa wiki. Wanakupa kijitabu, unajaza siku, saa na ulichofanya. Unanijua. Shajara yangu ninaiandika tangu nina miaka kumi na tisa, sijaruka siku. Basi kijitabu nacho nakijaza hivyo hivyo, kwa saa ya mkononi. Nikianza napiga kadi, nikiacha napiga kadi, kama kiwandani. Na kiwandani, kama unavyojua, muda wa chai haulipwi. Miaka thelathini na minane sijawahi kulipwa nikiwa nakunywa chai, kwa hiyo chai naitoa. Kutembea kwenda maktaba nakutoa. Dakika ambazo dereva wa basi ananieleza habari za mkewe nazitoa. Zikibaki thelathini na moja na robo, naandika thelathini na moja na robo.

Mshauri wangu ni kijana anaitwa Ross. Si mtu mbaya. Jumanne alikisoma kijitabu, akashusha pumzi.

“Trevor, umeandika thelathini na moja na robo.”

“Ndiyo.”

“Mkataba unasema thelathini na tano.”

“Najua. Nilizofanya ni hizo.”

“Ulikuwa unaumwa?”

“Hapana. Nilikunywa chai.”

Akanitazama kama ninamfanyia mzaha. “Ungeweza kuongeza.”

“Maktaba inafunguliwa siku nne. Viwanda nimevizunguka vyote. Yule dada wa mapokezi pale kwenye kiwanda cha maboksi ameniomba nisirudi kabla ya Pasaka.”

“Sina maana uongeze kazi,” akasema kwa sauti ya chini. “Nina maana uongeze kwenye karatasi.”

Nikamwambia siwezi kutia saini saa ambazo sikuzifanya. Akasema basi naye hana la kufanya, lazima alipeleke jambo hili kwa Mwamuzi. Huyo Mwamuzi, anayeamua nani akatwe posho, hakuna aliyewahi kumwona. Denise, mama anayekaa karibu nami tukisubiri, alicheka mpaka akakohoa. “Babu, andika thelathini na tano! Mimi naandika thelathini na tano, dada yangu anaandika thelathini na tano, hata mbwa wangu angeweza kuandika angeandika thelathini na tano. Unafikiri kuna mtu anahesabu?”

Nikamjibu, “Mimi nahesabu.”

“Basi kafe njaa na saa yako, kipenzi,” akasema, akanipa biskuti.

Hii ikiwa ni mara ya pili, hawatakata wiki nne. Watakata siku tisini na moja. Sijui kama nyumba hii itanisubiri siku zote hizo. Kodi ya pango tayari iko nyuma tangu Krismasi. Nimeona ni heri uyasikie kwangu. Usipige simu, imekatwa. Niandikie.

Baba yako

*

Marlbury
Alhamisi, 11 Februari 2016

Baba mpendwa,

Salamu. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Natumai goti limepata nafuu na unawasha moto humo ndani. Unawasha?

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za dharura hapa ofisini ili watu wasinione. Halafu nikarudi mezani, nikamwita mtu aliyefuata, nikamwomba kijitabu chake. Thelathini na tano. Wa pili, thelathini na tano. Wa tatu, thelathini na sita, maana alitaka kunifurahisha. Baba, WOTE wanaandika thelathini na tano! Sisi tunajua, wao wanajua kwamba tunajua. Hakuna anayekuita mwongo. Ni kama kusema “sijambo” ukiulizwa hali.

Nakuomba. Wiki ijayo andika thelathini na tano. Chai ihesabu, maana ukinywa chai unawaza kazi, sivyo? Kutembea kwenda kumpa mtu wasifu wako ni kutafuta kazi pia. Nani alikuambia utoe?

Na sina hasira kuhusu Krismasi. Huo ni uongo, hasira ninayo. Nilikula kuku peke yangu, nikakutumia dawa ya mafua kwa posta. Uliipokea ukaniandikia asante!

Najua utafikiri naweza kukusaidia kutoka huku. Siwezi. Jalada lako liko kwenye kompyuta hii hii iliyo mbele yangu, herufi chache tu, lakini mfanyakazi akifungua jalada la ndugu yake anafukuzwa. Si onyo, ni kufukuzwa. Mwaka jana mwenzetu mmoja alitazama anwani ya shemeji yake, akatolewa mlangoni akiwa na sanduku lake la vikombe.

Nimekuwekea hundi ndani ya bahasha. Usinirudishie. Washa moto.

Binti yako, Leanne

*

14 Loom Terrace
Jumamosi, 20 Februari 2016

Mwanangu Leanne,

Salamu, na asante. Natumai huko kwenu mvua si kama hii yetu inayokuja ubavuni. Afya yangu ni njema.

Barua ya Mwamuzi ilifika Jumanne, tarehe 16. Siku tisini na moja. Sababu: “hakuchukua hatua zote za busara kutafuta kazi.” Nimeisoma nikiwa nimesimama ukumbini na koti mwilini, na koti sikulivua, nikatoka tena. Nilitembea hadi kwenye bwawa la maji, nikarudi, nikapita nyumba yangu bila kuingia, nikaenda hadi kwenye kanisa la Methodisti, nikarudi. Maili saba. Sikuziandika kwenye kijitabu.

Hundi yako imekwenda kwa mwenye nyumba. Sitakurudishia, lakini usilete nyingine. Najua kodi ya chumba huko kusini. Chakula napata Jumatano na Ijumaa pale kanisani. Wanakupa mfuko, na mama mmoja anakuuliza kama una kitu cha kufungulia makopo. Wiki iliyopita nilikuta tunda moja limefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Sijui ni nani anayefanya mambo kama hayo.

Kuhusu kuandika thelathini na tano. Nimelitafakari kwa haki, Leanne, sikulitupa. Jumatatu nilishika kalamu nikaandika tatu. Nikakaa. Nikasema moyoni, Trevor, ni tarakimu tu. Lakini chini ya ukurasa pameandikwa: “Nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli,” na pana nafasi ya saini. Wangeondoa mstari huo ningeandika hata mia. Mstari upo. Nikaifuta ile tatu, nikaandika thelathini na mbili na nusu, ambazo ndizo.

Jumanne hiyo hiyo Ross alikisoma kijitabu. Alitikisa kichwa, akaandika kwenye kompyuta yake muda mrefu kuliko kawaida. Ningetoa chochote kujua aliandika nini.

Lakini sikia. Hilo nimelisema kama mtu anavyosema. Usiguse jina langu kwenye hiyo mashine. Nakukataza kama baba. Nina mwezi mmoja wa kuomba uamuzi ufikiriwe upya, hadi tarehe 16 Machi, na ombi nitaliandika mwenyewe. Wewe unaijua lugha yao. Kama ukipenda nisaidie maneno, basi. Maneno tu.

Baba yako

*

Marlbury
Alhamisi, 25 Februari 2016

Baba mpendwa,

Salamu za haraka, niko mzima, natumai nawe pia.

Ndani ya bahasha kuna kurasa mbili. Ni ombi lako la kufikiriwa upya. Linakili kwa mkono wako, neno kwa neno, tia saini, litume. Usibadilishe kitu. Mwamuzi hasomi machozi, anasoma sababu, nami nimeziweka kwa mpangilio anaoutaka. Ile aya ya pili ndiyo muhimu. Ndiyo itakayomfunga.

Litume kesho. Tafadhali baba, kesho.

Binti yako

*

14 Loom Terrace
Jumapili, 28 Februari 2016

Mwanangu,

Salamu. Natumai umelala vizuri kuliko mimi.

Nimelinakili ombi hadi aya ya pili, mstari wa nne, kalamu ikasimama. Umeandika hivi: “Mshauri wangu mwenyewe ameweka katika kumbukumbu za tarehe 16 Februari kwamba nina bidii kuliko wengi anaowahudumia, kwamba ni mkweli kuliko mfumo unavyoweza kuvumilia, na kwamba alinishauri niongeze saa nikakataa.”

Mimi sikujua hayo. Ross hajaniambia. Hakuna karatasi iliyofika hapa yenye maneno hayo. Tarehe uliyotaja ndiyo siku aliyoandika muda mrefu.

Niambie umebahatisha. Niambie washauri wote huandika hivyo, kwamba ni maneno ya kawaida ya kazi yenu. Nitakuamini ukiniambia, maana hujawahi kunidanganya isipokuwa ile mara ya baiskeli.

Mpaka nipate jibu lako silitumi. Naelewa aya hiyo inaweza kunirudishia posho. Naelewa pia mtu wa kwanza atakayeisoma kwa makini atauliza mpokea posho ameijuaje.

Tangu asubuhi nimetia maji birika mara tatu nikasahau kuliwasha.

Baba yako

*

Marlbury
Jumatano, 2 Machi 2016

Baba,

Sikubahatisha.

Ilikuwa Jumatano iliyopita, siku moja kabla ya kukutumia zile kurasa, saa sita na dakika kumi, wenzangu wamekwenda kula. Niliandika jina letu, nikabonyeza. Dakika nne. Niliposoma alichoandika Ross nililia pale pale mezani kama mjinga, halafu nikafunga, nikamwita mtu aliyefuata.

Usinihubirie. Ulisema usiguse, nami ningekaa siku tisini na moja nikijua kwamba karatasi ya kukuokoa iko umbali wa kidole? Kompyuta hutoa orodha ya waliofungua majalada, lakini hawaikagui yote. Watu elfu ngapi! Hawataona. Tuma barua kama nilivyoiandika. Bila mstari ule huna kitu, baba. Utakuwa mzee mwingine anayesema alijitahidi.

Zimebaki siku kumi na nne.

Binti yako

*

14 Loom Terrace
Jumamosi, 12 Machi 2016

Mwanangu Leanne,

Salamu za upendo. Natumai u mzima na uko kazini. Isome barua hii ukiwa chumbani kwako, si kwenye ngazi za ofisi.

Jumatatu tarehe 7 nilituma ombi langu. Nimeliandika mwenyewe, ukurasa mmoja. Nilisema ninavyohesabu saa na kwa nini. Mstari wa Ross sikuuweka. Karatasi zako mbili nimezichoma kwenye sinki la jikoni.

Alhamisi nikaitwa ofisini, si siku yangu. Hawakunipeleka kwenye meza ya Ross. Walinipeleka chumba chenye mlango. Alikuwepo mama mmoja nisiyemjua, amevaa kadi shingoni, na Ross pembeni anatazama viatu vyake. Mama akanipa maji, akaniuliza kama nina binti anayefanya kazi katika idara hii. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilimwomba afungue jalada langu. Nikasema hapana, na hiyo ni kweli, nilisema kwa sauti kubwa. Halafu akauliza:

“Bwana Hargreaves, je, binti yako amewahi kukuambia, kwa mdomo au kwa maandishi, jambo lolote lililomo kwenye jalada lako?”

Alikuwa na kalamu juu ya karatasi. Mimi nilikuwa na glasi. Nilimtazama Ross, naye kwa mara ya kwanza akanitazama, na nadhani alikuwa akiniomba.

Nikasema, “Hapana.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Akageuza karatasi. Chini pameandikwa kwamba maelezo haya ni ya kweli, na pana nafasi ya saini. Nikatia.

Nimetembea siku mbili. Shajara ya Alhamisi ina tarehe na hali ya hewa tu. Lakini umeokoka, Leanne. Wakikuuliza, sema uliteleza kidole. Jina ni moja, mji una akina Hargreaves wengi. Maneno yetu yatakubaliana. Nilitaka ulijue hilo kabla hawajakuita.

Baba yako

*

Marlbury
Ijumaa, 11 Machi 2016

Baba mpendwa,

Salamu. Natumai u mzima. Mimi ni mzima, ajabu ya Mungu, na ninajisikia mwepesi.

Wameiona. Leo asubuhi meneja wetu, Gillian, aliniita, akafunga mlango. Ni mtu mwema, alishaniandalia njia ya kutokea. “Leanne,” akasema, “jina ni lako. Labda ulikuwa unaingia kwenye akaunti ya mafunzo kidole kikateleza?” Akanisubiri. Alitaka niseme ndiyo. Ningesema ndiyo ningerudi mezani na onyo.

Nikasema, “Hapana, Gillian. Nilimtafuta baba yangu, nikasoma, nikampelekea alichoandika mshauri wake.”

Sijui nieleze vipi. Mwezi Novemba alikuja mezani kwangu mama mmoja wa kusafisha ofisi, kapunguzwa kazi. Aliandika ishirini na tisa. Nikamwambia mkataba ni thelathini na tano, akasema anajua, ila mtoto alikuwa na homa siku moja. Nilimpeleka kwa Mwamuzi, baba. Niliandika “haonyeshi nia.” Alikatwa wiki nne, hajarudi tena, sijui yuko wapi. Nilikuwa nimemsahau kabisa mpaka barua yako ya kwanza. Tangu hapo kila mwanamke akiingia mlangoni nadhani ni yeye. Leo Gillian alipokuwa ananisubiri niseme kidole, nilimwona yule mama na kalamu yake, na sikuweza.

Nimesimamishwa mpaka kikao. Usinihurumie. Jambo moja: nimewaambia kila kitu na wameandika, kwa hiyo wakikuuliza, sema kweli tu kama ulivyozoea. Kwako hilo si kazi.

Binti yako

*

14 Loom Terrace
Jumanne, 15 Machi 2016

Leanne,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeipokea Jumatatu, na nadhani yangu umeipata siku hiyo hiyo.

Mimi nilisema hapana Alhamisi. Wewe ukasema ndiyo Ijumaa.

Nipo mzima.

Baba

*

14 Loom Terrace
Jumamosi, 2 Aprili 2016

Mwanangu Leanne,

Salamu. Siku kumi na nane bila barua yako. Najua unangoja kikao na huna la kuandika. Nami kila asubuhi nipo nyuma ya mlango kabla ya mtu wa posta, mpaka amenizoea, ananipungia mkono kupitia kioo kama hana kitu.

Jana alikuwa nacho. Ni barua ya Mwamuzi. Adhabu imefutwa. Wamesema wamezingatia “kumbukumbu za mshauri zilizojitokeza wakati wa uchunguzi mwingine,” na kwamba muda wa kutembea kwenda kupeleka maombi ya kazi ulipaswa kuhesabiwa tangu mwanzo. Nitalipwa yote ya nyuma. Mwenye nyumba nimemwonyesha karatasi, akanishika mkono.

Uchunguzi mwingine ni wewe. Ulipokiri ndipo walipolazimika kuyasoma maneno ya Ross. Ningekaa na ukurasa wangu mmoja ningekuwa bado nakatwa.

Nilipotoka nje na barua hiyo Denise alikuwa anapita na mbwa wake, akapiga kelele, “Babu kashinda! Mzee wa chai kashinda!” mpaka watu wakachungulia madirishani. Nikatabasamu. Nilipoingia ndani niliketi kwenye ngazi, nikainuka, nikaketi.

Niandikie hata mstari.

Baba yako

*

Marlbury
Jumatano, 6 Aprili 2016

Baba mpendwa,

Salamu, na hongera! Nimefurahi kuliko kitu chochote mwaka huu. Sasa lipa gesi yote, usiwe mbahili.

Kikao kilikuwa jana. Nimefukuzwa. Nilitoka na sanduku langu, ila sikuwa na vikombe, nilikuwa na ua moja kavu la kwenye chungu.

Chumba siwezi kukilipia, kwa hiyo nakuja nyumbani Alhamisi ya tarehe 14, gari la moshi la asubuhi. Nitakuwa mlangoni kati ya saa saba na saa nane. Na kwa kuwa unapenda kujua mambo yote mapema: aliyefukuzwa kwa kosa lake mwenyewe akiomba posho, anasubiri kwanza siku tisini na moja. Nimewaeleza watu kanuni hiyo mara mia. Kwa hiyo tutakula kwenye posho yako, sisi wawili, mpaka nipate kazi yoyote.

Ndiyo maana nakuandikia kwa uzito aya hii. Mtu wa chama cha wafanyakazi anasema nina nafasi ya kukata rufaa, maana nilikiri mara ya kwanza nilipoulizwa, na kukiri hupunguza adhabu. Lakini wao wanasema siku moja kabla yake baba mhusika alitia saini kwamba hakuambiwa kitu, kwa hiyo mmoja wetu anamficha mwenzake, na kukiri kwangu “hakuwezi kuthibitishwa.” Akaniuliza kama utabadilisha maelezo yako. Nimemwambia hapana. Ukibadilisha, umedanganya ofisi kwa saini yako. Watakukata tena, na safari hii hakuna Ross wala Mwamuzi wa kukutoa. Hakuna aliyekuuliza tena, baba. Kaa kimya. Kwa mara moja maishani mwako acha karatasi ikae ilivyo.

Mimi nitapata kazi. Nina mikono miwili.

Binti yako

*

Alhamisi, 14 Aprili 2016
Mezani, jikoni

Mwanangu Leanne,

Karibu nyumbani. Natumai safari ilikuwa njema na umepata kiti. Ufunguo umeupata mahali pake pa siku zote, maana unaisoma karatasi hii. Mimi ni mzima.

Nimekwenda ofisini. Hawakuniita, Jumatatu niliomba mwenyewe miadi ya leo, saa saba kamili, na yule mama mwenye kadi shingoni. Nitamwambia kwamba nilichotia saini tarehe 10 Machi si kweli, kwamba uliniandikia maneno ya Ross, kwamba nilikukataza kufungua jalada na ukafungua kwa ajili yangu, na kwamba ulichosema wewe tarehe 11 ndicho sahihi. Barua zako nimezichukua, zote isipokuwa zile kurasa mbili nilizozichoma, na hilo la kuchoma nitalisema pia. Nitaomba wapeleke nakala kwenye rufaa yako.

Wanaweza kunikata. Nimelipa pango miezi miwili mbele, gesi nimejaza. Chakula cha wiki tatu kimo kabatini, nimekipanga kwa tarehe. Kwa hiyo usianze kukimbiakimbia.

Kuna pai ya nyama kwenye oveni, ipashe moto, usiile baridi kama unavyopenda kufanya. Kitanda chako nimekitandika.

Ulinikataza, najua. Nawe nilikukataza.

Nikichelewa, jua wana maswali mengi. Usinifuate, pumzika.

Baba yako

*

Baba,

Nimefika saa saba na dakika ishirini. Nimesoma. Pai nimeila baridi, vipande viwili, nimesimama.

Siji kukuzuia. Nakuja kukaa nawe kwenye kile chumba chenye mlango, maana wakiuliza zaidi kuna mambo ninayoyajua mimi peke yangu. Nimepitia njia ya kanisani. Kama umepitia ya bwawa tukapishana, na unaisoma hii kabla sijarudi, basi safari hii usitoke tena. Kaa. Nisubiri hapa.

Binti yako